Kutunza Kumbukumbu za Mambo Yasiyotokea

Mdogo wangu aliniuliza juzi, kwa upole na kwa nia ya kutaka kuelewa, "Dada, hivi kweli mnabishana kuhusu ukweli wa mambo ambayo hayajawahi kutokea?" Swali hilo limenikaa kichwani, kwa sababu kila anayeandika makala katika tovuti za wiki, yaani zile zinazoandikwa na kuhaririwa na wasomaji wenyewe, zinazohusu ulimwengu wa kubuni hulazimika kulijibu kwa vitendo, hata kama hajawahi kulitamka. Jibu langu ni kwamba tukio halikutokea, lakini hadithi ilisimuliwa, na kule kusimuliwa ni jambo la kweli lenye tarehe, waandishi, waigizaji na mipaka yake. Sisi tunatunza kile kilichosemwa, bila kuzidisha wala kupunguza.

Mimi ni msomaji na mhariri mdogo wa Memory Alpha, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003 na Harry Doll na Dan Carlson kuhusu ulimwengu wa Star Trek, hadithi za Marekani za televisheni na filamu zinazosimulia safari za anga za mbali. Jina la kamusi hiyo limetoka katika kipindi kimoja cha Star Trek kilichorushwa mwaka 1969, ambamo Memory Alpha ni sayari ndogo iliyojengwa maktaba ya Shirikisho zima la sayari. Maktaba hiyo haikuwekewa ngao za kuilinda, kwa hoja kwamba elimu iliyomo ni ya kila mtu na kwa hiyo haina haja ya ulinzi. Ikavamiwa, na kumbukumbu zake zikaharibiwa. Mara nyingi nafikiri juu ya uamuzi wa waanzilishi kuchagua jina hilo, kwa kuwa tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri iko wazi vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba hapa kila toleo la kila makala huhifadhiwa, na anayefuta aya nzima kwa hasira au kwa mzaha huacha nyuma yake historia ya marekebisho ambayo mhariri mwingine ataifungua na kurejesha yaliyofutwa. Mlango haufungwi, na maandishi hayapotei.

Kanuni niliyoipenda tangu mwanzo ni ile ya mtazamo wa mwandishi. Makala huandikwa kwa wakati uliopita, kana kwamba mwandishi ni mtunza nyaraka anayeishi ndani ya ulimwengu ule, miaka mingi baada ya matukio yote. Mtunza nyaraka huyo hawezi kumtaja mwigizaji, wala mwongozaji, wala mwaka ambao kipindi kilirushwa, kwa sababu kwake hayo hayapo. Habari za utengenezaji hutengwa katika sehemu yake, ili msomaji asichanganye maisha ya mhusika na kazi ya watu waliomuumba. Kanuni hii inaonekana ndogo mpaka pale mtu anapojaribu kuifuata kwa aya tatu mfululizo, ndipo anapogundua jinsi ulimi ulivyozoea kuteleza kutoka ndani ya hadithi kwenda nje yake bila kutoa taarifa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha anga za juu, aliyeigizwa na Nichelle Nichols kuanzia mwaka 1966. Katika mfululizo wa awali hakuna mahali ambapo jina lake la kwanza linatajwa. Mwaka 1982 William Rotsler aliandika kitabu kilichompa jina la Nyota, na mashabiki wakalipokea kwa furaha. Waandishi wa riwaya wakalitumia, na watu wakalizoea hata wengi wakaamini kwamba walilisikia kwenye televisheni. Lakini kanuni ya Memory Alpha inasema kwamba hadithi rasmi ni ile iliyoonekana katika vipindi na filamu, wala si riwaya, ambazo zina wiki yake nyingine iitwayo Memory Beta. Kwa hiyo jina ambalo kila shabiki alilijua lilibaki nje ya simulizi ya makala, likikaa katika maelezo ya pembeni pamoja na maelezo ya mahali lilikotoka. Hali hiyo ilidumu mpaka filamu ya mwaka 2009, ambamo Kirk, mhusika mkuu, anahangaika kulijua jina hilo, na hatimaye analisikia likitamkwa na Spock, afisa mwenzao.

Hata hapo kazi haikuisha. Filamu ile inatokea katika mkondo mwingine wa wakati, uliochepuka kutoka ule wa zamani, na kwa sababu hiyo Uhura wa filamu ana makala yake tofauti na Uhura wa mwaka 1966. Ndipo mwaka 2022 mfululizo mpya unaofuata mkondo wa awali ukamleta Uhura kijana, ukamwita Nyota waziwazi, na ukaeleza kwamba ametoka Kenya. Kwangu mimi, msomaji wa Afrika Mashariki, hamu ya kuyaona hayo katika makala ilikuwa kubwa, na ingekuwa rahisi sana kuyaandika mapema kwa hoja kwamba "kila mtu anajua". Nawaheshimu mno wahariri waliosubiri. Subira yao ndiyo inayomwezesha msomaji wa leo kuliamini jina hilo, kwa kuwa anaweza kuonyeshwa mahali hasa lilipotamkwa.

Wenzetu wa Wookieepedia, wiki inayotunza habari za Star Wars, hadithi nyingine maarufu ya anga, tangu mwaka 2005, walikutana na mtihani mgumu zaidi. Mwezi wa Aprili 2014 kampuni ya Lucasfilm, watengenezaji wa Star Wars, ilitangaza kwamba riwaya na vitabu vya katuni vilivyokuwa vimeandikwa kwa miongo kadhaa havitahesabiwa tena kuwa sehemu ya hadithi rasmi, bali vitaitwa Legends. Fikiria mhariri aliyetumia miaka akiunganisha maisha ya mhusika mmoja kutoka riwaya kumi, kisha siku moja anaambiwa kwamba maisha hayo si rasmi tena. Wahariri hawakufuta kitu. Waligawa makala, upande mmoja ukabeba hadithi rasmi na wa pili ukabeba ile ya zamani, na msomaji akapewa njia ya kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine juu ya ukurasa. Naona huo kuwa uamuzi wa adabu kubwa kwa wasomaji na waandishi wa vitabu vile, maana mwenye mali ana haki ya kutangaza kipi ni rasmi, lakini hawezi kutangaza kwamba kitabu hakikuwahi kuandikwa.

Tena kuna suala la nani mwenye maandishi yenyewe. Wiki nyingi za namna hii hutumia leseni za Creative Commons, zinazoruhusu maandishi kunakiliwa mradi waandishi wake watajwe, na ndiyo maana mwaka 2023 wahariri wa wiki ya mchezo wa Minecraft waliweza kuhamia tovuti nyingine wakiwa na makala zao, baada ya kutoridhika na mahali walipokuwa.

Usiku huu ninashughulikia jambo linalonigusa kwa karibu. Tarehe 8 Septemba 1966, usiku wa kwanza kabisa wa Star Trek kurushwa Marekani, kiumbe anayebadili umbo anamjia Uhura katika sura ya mwanamume Mwafrika, na wawili hao wanaongea maneno machache ya Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika kipindi ambacho mashine inafuta kumbukumbu zote za Uhura, anafundishwa upya kusoma Kiingereza. Anakwama kwenye neno, anakasirika, na Kiswahili kinamtoka chenyewe, mpaka muuguzi anamwomba arudi kwenye Kiingereza. Nimesikiliza sehemu hizo mbili tena na tena, nikiwa nimevaa vipokea sauti na kalamu mkononi. Matamshi si ya mtu aliyekulia na lugha hii, na baadhi ya silabi zinaweza kusikika kwa namna mbili.

Nimeandika rasimu yenye safu tatu: ninachosikia, ninachodhani kilikusudiwa, na kiwango cha uhakika wangu kwa kila neno. Safu ya pili inanivutia kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili sanifu kinaponong'ona sentensi iliyo nzuri na kamili. Lakini kanuni ile ile iliyolizuia jina la Nyota kwa miaka mingi inaizuia safu hiyo isiingie katika makala. Kwa hiyo nitaipeleka rasimu yote kwenye ukurasa wa majadiliano kwanza, nikiwaomba wasemaji wengine wa Kiswahili wasikilize kabla ya kusoma nilichoandika. Atakayesikia tofauti na mimi aandike anachosikia chini yangu, na tutalinganisha neno kwa neno.