Ubao wa "leo katika historia" ulivyoniokolea saluni

TV ya saluni ilipoungua umeme uliporudi ghafla, ushauri ulikuwa mmoja: nunua kubwa zaidi, la sivyo wateja watahamia kwa jirani. Mimi nikaenda kwa seremala, nikatoka na ubao mweusi kwa elfu kumi na kitu, na chaki juu. Kila siku naandika tukio la tarehe hiyo, mtu aliyezaliwa na neno la afya.

Mjuaji mmoja akanirushia kalenda ya mtandaoni. Siku ya donati. Siku ya kumkumbatia paka. Hapa Magomeni nani anamkumbatia paka? Na tarehe za kwetu zimejaa tele! Sabasaba wengi wanajua maonyesho tu. Andika kwamba TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na kwamba UNESCO imeifanya siku hiyohiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, uone benchi linavyowaka.

Lakini uliotia fora ni wa 27 Agosti. Niliandika: "VITA VILIVYOKWISHA KABLA HUJAMALIZA KUNYOLEWA." Jibu nikalibana hadi watu wakae. Ni Waingereza na Zanzibar, 1896. Sultani Hamad kafariki, Khalid bin Barghash kaingia jumba la kifalme, Waingereza wakampa hadi saa 3 asubuhi awe ametoka. Hakutoka. Mizinga ikalia, na baada ya dakika kama 38 kwisha habari, Khalid kakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kitini akasema, "Fundi, leo nakupima," akawasha saa ya simu. Nusu kichwa tu, benchi likapaza sauti: "Ishirini!" Mkono ukaanza kucheza. Mzee mmoja akasema, "Mizinga angepewa huyu, Khalid angekuwa jumbani mpaka leo." Mpaka namaliza ndevu na skrabu, Waingereza walishanifunga kitambo. Sawa, mimi ni mzito, ila kichwa changu hakirudi kurekebishwa.

Afya ndiyo yenye kazi. Ukiandika "kunywa maji" hasomi mtu. Yupo aliyeniganda niandike kwamba maji ya limau husafisha damu. Nikamwambia kazi hiyo ina wenyewe, figo na ini. Kwa hiyo afya naificha ndani ya siku ya kuzaliwa. Tarehe 14 Juni: "Kazaliwa Karl Landsteiner, 1868. Wewe damu yako kundi gani?" Ndiye aliyegundua makundi ya damu, na Siku ya Wachangia Damu Duniani imewekwa tarehe yake. Benchi zima hakuna aliyejua lake! Wawili wakaenda kuchangia, wakarudi kunitambia kadi. Siku ya Kisukari nayo, 14 Novemba, ni ya kuzaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini.

Mwaka uhakikishe kabla hujashika chaki, maana wazee wa hapa mambo ya 1964 wameyaona kwa macho, hawasamehe.

Halafu achia nafasi ya mtoto wa mteja. Tarehe 13 Aprili niliandika Mwalimu Nyerere, Butiama, 1922, na chini yake mtoto wa muuza chipsi, darasa la pili. Baba akamleta kunyolewa, wakapiga picha na ubao, wiki hiyohiyo wakaanza kuja wajomba. Kichwa cha mtoto ni buku mbili tatu tu, lakini hesabu na wajomba.

Jirani naye, mwenye TV yake, kaweka ubao. Anakuja kuupiga picha wangu usiku nikishafunga, kwa hiyo wake ni wa jana siku zote. Tarehe 10 Desemba kwake kulikuwa na uhuru wa Tanganyika, 1961. Kwangu ulikuwepo wa Zanzibar, 1963, na wateja wake walivuka barabara kuja kuniuliza nani mwongo.