Nilivyopanga msimamo wa divisheni yetu, na mwenyewe nikajiweka wa tano

Msimu wa 2024/25 nilitaka kutabiri nani atamaliza wapi kwenye divisheni yetu, na baraza letu la Michenzani lilikuwa na jibu moja tu: mwenye Nikola Jokić, nyota wa Denver kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ataongoza, maneno yamekwisha. Ligi yetu ya fantasi ya kikapu, ambamo kila mtu anaunda kikosi cha wachezaji halisi wa NBA na kuhesabiwa wanachofanya uwanjani, ina timu sita kwa divisheni, na kila niliyemuuliza aliniambia, "Yakhe, tazama majina makubwa." Hao hao ndio wanaoshika mkia kila mwaka.

Ligi ya vipengele tisa haihesabu majina. Kila wiki mnapambana kwa pointi, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu), asisti, kupokonya mipira, bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani), mitupo ya pointi tatu, asilimia ya ufungaji wa mitupo ya uwanjani na ile ya mitupo huru, na mipira iliyopotezwa, na kila kipengele unachoshinda kinaingia kwenye msimamo. Basi nikachukua daftari la skuli la mwanangu, nikazipambanisha timu mbili mbili, kipengele kwa kipengele.

Hapo akajitokeza fundi cherehani mmoja ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu. Alikuwa na Giannis Antetokounmpo, na watu wakimcheka kwa mitupo huru: Giannis hupiga kama kumi kwa mechi, na msimu ule akifunga sita hivi. Asilimia huharibiwa na anayekosa huku akipiga mingi. Wakamshauri amtoe. Yeye akamwongeza na Rudy Gobert! Wenzangu wakaona wazimu, daftari likaona hesabu: mitupo huru ameshaiacha iende zake, kwa hiyo Gobert, naye si hodari wa mitupo huru, hamwongezei hasara, bali ribaundi na bloku. Nikamweka wa kwanza. Mmoja alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Mwenye Victor Wembanyama nilimpa nafasi ya nne, maana bloku zake zote zilitoka kwa mtu mmoja. Februari Wembanyama akatolewa msimu mzima kwa damu kuganda begani. Sikuliombea hilo, wallahi.

Utamu uko kwa mwenye Jokić. Jokić mwenyewe alimaliza msimu na wastani wa tarakimu mbili kwenye pointi, ribaundi na asisti, lakini bwana wake analala saa nne. Majeruhi hutangazwa usiku wetu, yeye anaamka asubuhi timu ina watu wawili waliokaa benchi kwa suti. Nikamweka wa tatu. Kisha nikatazama kalenda: Ramadhani inaangukia Machi, wiki za mwisho za divisheni. Marekani wakishasogeza saa zao mbele, Denver wakicheza kwao saa moja jioni, kwetu ni saa kumi alfajiri, wakati huyu bwana yuko macho anakula daku, simu mkononi! Nikampandisha wa pili, nikawaambia barazani kabla mwezi haujaandama. Kweli, kuanzia daku za mwanzo hakuacha tena majeruhi kwenye kikosi.

Divisheni ikaisha kama nilivyoandika: fundi wa kwanza, mlalaji wa pili, mwenye Wembanyama wa nne. Wa tatu na wa sita pia nilipatia, lakini hao hawana hadithi. Ikaja ile niliyoitarajia: "Shekhe, kama unajua yote haya, mbona wewe wa tano?"

Nikamfungulia daftari, jina langu liko hapo hapo kwenye nafasi ya tano kwa mkono wangu. Kahawa na kashata za baraza zima alizilipa wa sita.