Nilivyoandika wasifu wa babu, mkulima wa Bukumbi

Babu alipofariki, kikao cha familia kilinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa kusomwa siku ya mazishi. Mazishi yalikuwa keshokutwa.

Wasifu nyingi ninazozisikia misibani huku Misungwi zinafanana. Marehemu alizaliwa, akaoa, akaugua, ameacha watoto na wajukuu, alikuwa mcheshi na mcha Mungu. Kwa mzee aliyeshika jembe zaidi ya miaka sabini, naona hiyo ni dhuluma. Babu hakuwahi kuwa na cheo serikalini wala kuajiriwa. Maisha yake yote yalikuwa shambani, zizini na kanisani, na nilitaka waombolezaji wavisikie vyote vitatu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa tarehe, maana mwaka wa kuzaliwa uliokuwa kwenye kitambulisho chake ulikuwa wa kukadiria tu. Nikaenda parokiani Bukumbi, ambako Mapadri Weupe walianza misheni mwaka 1883. Kuna jambo Wakatoliki wengi hatulitumii: kitabu cha ubatizo hakitunzi ubatizo peke yake. Pembeni mwa jina huandikwa pia kipaimara na ndoa, hata kama vilifanyika parokia nyingine, kwa sababu sheria ya Kanisa inataka taarifa irudishwe pale mtu alipobatizwa. Ukiupata mstari wa ubatizo umepata na mengine.

Katibu wa parokia alinisaidia kutafuta kwa jina la baba yake babu. Maandishi yalikuwa ya Kilatini, wino umegeuka rangi ya kahawia. Alibatizwa mwaka 1948, umri karibu miaka 14. Pembeni, kwa mwandiko mwingine, kipaimara. Chini yake, kwa mwandiko wa tatu, ndoa na jina la bibi, 1957. Na jina la mama yake babu lilikuwapo, jina ambalo pale nyumbani alikuwa amebaki shangazi mkubwa tu wa kulikumbuka. Nililinakili herufi kwa herufi.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwahoji wazee. Ukiuliza, "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" unajibiwa "Mzee wetu alikuwa mtu mzuri sana, mjukuu wangu," kisha kimya. Nilipoanza kuuliza kuhusu mashamba, moja baada ya jingine, alilipataje na alilima nini, watu wakaanza kukatizana maneno. Kila shamba lilikuwa na mwaka wake.

Lile la ziwani alipewa na baba yake alipooa. Alipanda viazi vitamu humo hadi zikaja mvua za Uhuru. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na matuta yake yakamezwa na maji. Ndipo akapanda juu kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, akaweka muhogo na pamba. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alihamishwa na nyumba yake ikabaki gofu, lakini alikuwa akidamka usiku kutembea hadi kwenye majaruba yake ya mpunga ya zamani, na hakuyaacha mpaka miguu ilipokataa. Mdogo wake babu, aliyetoka Sengerema, ndiye aliyetupangia hayo kwa utaratibu. Alifika usiku ule ule kwa sababu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025. Zamani tungemsubiri pantoni hadi asubuhi.

Kwenye sanduku la bibi tulikuta kitabu cha mauzo ya pamba. Babu alikuwa mwanachama tangu enzi za shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoanzishwa 1955 chini ya Paul Bomani, na alikitunza kitabu hata baada ya serikali kuvivunja vyama hivyo mwaka 1976. Kurasa za mwanzo uzito ni kwa ratili, za baadaye kwa kilo. Safi, yaani pamba ya daraja la kwanza, na fifi, ile hafifu, zimeandikwa mbalimbali. Msimu mmoja fifi imezidi safi, nikamuuliza bibi.

"Mwaka huo babu yako alikuwa kitandani," akasema. "Watoto ndio waliochuma, wakachanganya zote kwenye gunia moja."

Upande wa kanisa nilitaka matendo. Baba mdogo akanisimulia kuhusu ng'ombe wa plau. Kengele ya saa sita ilipolia, babu alikuwa akisimamisha plau, anavua kofia na kusali Malaika wa Bwana. Baada ya misimu kadhaa ng'ombe wakawa wanasimama wenyewe kengele ikilia, hata kama anayeswaga ni mtoto asiyejua sala. Hilo niliandika kama nilivyolisikia. Niliandika pia kwamba mpunga wa zaka aliutoa kabla hajauza hata debe moja, kwamba alisomba mchanga wa kujengea kigango kwa mkokoteni wake, na kwamba mwaka 1990 alikwenda mjini na wanakigango wenzake kumwona Papa Yohane Paulo II alipofika Mwanza. Hakuna safari aliyoisimulia kuliko hiyo.

Palitokea ubishi mmoja. Baadhi ya ndugu walitaka nifute ugomvi wake wa mpaka na jirani. Niliuacha, sentensi moja tu, pamoja na namna walivyopatana mbele ya katekista, kwa sababu jirani mwenyewe alikuwa amekaa pale chini ya turubai na alikubali usomwe.

Paroko alitupa dakika tano. Nikapunguza sifa zote, nikabakiza mashamba, miaka na majina ya watu. Nilipofika kwa ng'ombe na kengele, wazee wa kigango waliitikia kwa sauti, na mmoja akataja majina ya ng'ombe wale wawili, ambayo sikuwa nayo.

Nimeyaongeza kwenye nakala iliyobaki kwa bibi. Yeye mwenyewe yuko hai na ana kumbukumbu nzuri, kwa hiyo jioni tukimaliza kula namuuliza habari zake. Tumeanzia bustani ya mchicha aliyoikuta kwa mama mkwe wake, na tayari amenikatalia mwaka mmoja wa wasifu wa babu.