Kijiko cha Chai

Gego langu la mwisho, la chini upande wa kushoto, lilikuwa limelala ndani ya ufizi likilisukuma jino la jirani. Daktari alipasua ufizi, akalikata vipande viwili, akalitoa na kushona nyuzi tatu. Nilitoka nimeuma kipande cha shashi, nusu ya mdomo imekufa ganzi, na tumbo tupu, maana tangu jana yake hofu haikuniruhusu kula.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenipeleka na kunirudisha. Tulipofika nyumbani nilimwonyesha kwa mkono kuwa nataka kula.

"Subiri ganzi iishe, mdogo wangu. Utajing'ata na usijue."

Saa ile niliona ananitesa. Lakini ganzi ya taya la chini hukaa saa kadhaa, na muda wote huo shavu na mdomo wa chini huwa kama vya mtu mwingine: unaweza kuvitafuna au kuviunguza kwa chai bila kusikia chochote. Nilisubiri hadi alasiri.

Akaniletea supu ya maboga, nyepesi, imepoa. Niliomba mrija, akakataa katakata. Daktari alikuwa ametueleza sote wawili: damu huganda ndani ya shimo la jino, na bonge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Kufyonza, kutema kwa nguvu, kuvuta sigara, vyote vinaweza kulitoa. Likitoka mapema mfupa hubaki wazi, na maumivu yake hupanda hadi sikioni.

Basi nikanywa kwenye bakuli. Supu ikatapakaa mdomo mzima, ikaenda moja kwa moja kwenye kidonda, nikahisi ladha ya damu. Tukajaribu kijiko cha mezani, hakikuingia. Taya lilikuwa limekaza, mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja tu. Nilikiweka chini nikalia, kwa njaa zaidi kuliko kwa maumivu.

Dada hakusema neno. Alirudi jikoni, akaponda viazi ndani ya ile supu, akaipitisha kwenye chujio, akarudi na kijiko cha chai. Alidondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake, kama anayepima maziwa ya mtoto. "Chakula kisikimbie, na kisihitaji meno," akasema. Kijiko kikaingia kwa upande wa kulia. Uzito ule ulitulia juu ya ulimi. Nikausukuma kwenye kaakaa, nikameza. Bakuli moja lilinichukua karibu saa nzima, na ndipo nikameza dawa ya maumivu, ambayo tumbo tupu lingeikataa.

Siku mbili zilizofuata uvimbe uliongezeka, jambo tuliloambiwa tulitarajie. Nilikula mtindi, mayai yaliyovurugwa yakiwa bado na unyevu, na parachichi lililopondwa, ambalo hadi leo naona halina mpinzani: linashibisha, linateleza, halina punje.

Punje ndizo zilizonitia matatani. Siku ya tatu usiku nilichoka na vitu vya kupondwa, nikachukua wali kidogo. Tuliambiwa tule vyakula laini, na wali ule ulikuwa laini kweli. Hapo ndipo neno hilo linapowapoteza watu, nami nasema hivi kwa uchungu: laini haitoshi. Chembe moja ilizama shimoni. Nikaihisi kila nilipomeza mate, nikaenda kutafuta kijiti cha meno.

Dada alinishika mkono mlangoni mwa bafu. "Usichokoe. Utaling'oa lile bonge la damu."

Alichanganya nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye bilauri ya maji ya uvuguvugu, akanifundisha tena kile daktari alichoruhusu baada ya saa 24 za kwanza: jaza mdomo kidogo, inamisha kichwa kushoto, halafu kulia, kisha fungua mdomo na kuacha maji yaanguke yenyewe kwenye sinki. Nisisukutue, nisiteme. Mara ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Mara ya nne chembe nyeupe ikaanguka, na hapakuwa na damu.

Sikulala vizuri. Nilijisikiliza usiku kucha, nikingoja yale maumivu ya sikioni. Dada alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akiniuliza kila nilipojigeuza, nami nikijibu kwa kutikisa kichwa. Hayakuja.

Siku ya tisa mdomo ulifunguka upana wa vidole viwili. Nyuzi zilikuwa zimeanza kuyeyuka, uvimbe umeshuka. Dada alipakua chakula, akaniwekea kijiko cha mezani kama zamani. Nikakitazama, nikamrudishia, nikaomba kile kidogo.