Sauti ya filamu kuchelewa kwenye spika ya Bluetooth: hivi ndivyo ilivyokaa sawa

Marafiki wakija kwangu Umoja kutazama filamu, laptopu huunganishwa na spika ya Bluetooth. Shida ilikuwa hii: mdomo unasema, sauti inafika baadaye. Mlango umeshafungwa, ndipo kishindo kinasikika. Inachosha sana, hasa kwenye vichekesho.

Nilizima spika na kuiwasha, nikaisogeza karibu, nikabadilisha filamu. Wapi! Kwa waya sauti ilikuwa sawa kabisa, kwa hiyo kuchelewa kulitoka kwenye Bluetooth yenyewe.

Dawa ilikuwa ndani ya VLC, programu ninayotumia kuchezea filamu kwenye laptopu. Kwenye Windows, filamu ikiendelea, bonyeza herufi J. Kila ukibonyeza, sauti inawahishwa kwa milisekunde 50, na namba inaonekana kwenye skrini. Shika hili: ni J, si K. K inaichelewesha zaidi! Halafu usipime kwa midomo, inadanganya. Tafuta mahali mtu anapiga makofi au anaweka glasi mezani, urudie hapo hapo huku ukibonyeza. Kwangu ilitulia kwenye -200. Ukifungua filamu nyingine, angalia tena.