Kodi ya chumba

Shangazi yangu wa Tanga bado hajaelewa nafanya kazi gani hapa New York. Nilimwambia nagawa pesa za matajiri kwa wasanii weusi na kwa watu wanaopigania haki zao. Akajibu, "Basi na sisi utukumbuke, mwanangu." Nilisoma historia ya sanaa nikidhani nitaishia makumbusho. Nikaangukia kwenye ruzuku, na siku inakwisha nikipekua bajeti za watu.

Ukizisoma sana, unaona mchezo. Kila mwombaji anajaza "warsha", "maonesho", "kushirikisha jamii", maana anajua wafadhili tunayapenda hayo. Kodi ya chumba anaificha chini kabisa, kwenye "gharama nyinginezo", kana kwamba ni aibu. Bodi nayo ikiiona huuliza: hii inahusiana vipi na ubaguzi?

Huwa nawatajia mchoraji mweusi Jacob Lawrence. Mwaka 1940, akiwa na miaka 22, alipata dola 1,500 kutoka Mfuko wa Julius Rosenwald, yule tajiri wa kampuni ya maduka ya Sears aliyesaidia kujenga maelfu ya shule za watoto weusi kusini mwa Marekani. Akapanga chumba Harlem, mtaa wa 125. Alitaka kusimulia safari ya watu weusi waliohama kusini kwenda miji ya kaskazini, kwa picha 60, kila moja kwenye kibao chake, na zote alizifanya kwa pamoja: anachukua rangi moja, anaipitisha kibao baada ya kibao, ndipo anashika nyingine, ili picha ya mwisho isitofautiane na ya kwanza. Sasa vibao 60 utavitandaza wapi kama huna chumba? Leo makumbusho mawili yamegawana kazi ile: MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya hapa New York, ina namba shufwa, Phillips Collection ya Washington ina witiri.

Na simdharau Agnes Gund, tajiri mkusanyaji wa sanaa, aliyeuza mchoro wa msanii Roy Lichtenstein kwa dola milioni 165 na mwaka 2017 akatoa milioni 100 kuanzisha Art for Justice, mfuko wa kupambana na ufungaji wa watu jela kwa wingi. Aliyefanya hivyo alikuwa na moyo. Ila wakubwa wangu wakisikia milioni 100 wanasisimka. Ukiwatajia dola mia nane za kodi ya chumba wanakunja uso.

Nimependekeza fomu yetu ibadilike, swali la kwanza liwe: unalipa kodi kiasi gani, na umebakiwa na miezi mingapi? Bodi inakutana Alhamisi. Mjumbe mmoja keshaniuliza kama sina swali la maana zaidi.