Mtu wa Tanga kileleni Uhuru: msidanganywe na siku tano za Marangu

Ukisema Tanga kwamba unataka kupanda Kilimanjaro, kila mtu anakupa ushauri uleule: pita Marangu, siku tano, njia rahisi, unalala kwenye vibanda. Ushauri huo ndio ulionirudisha njiani safari yangu ya kwanza, na mpaka leo nikiusikia nakereka.

Tazameni hesabu yake. Kambi ya kwanza, Mandara, ni kama mita 2,700, ya pili Horombo 3,700, ya tatu Kibo 4,700. Kila siku unaongeza mita 1,000 hivi, na usiku wa kuamkia siku ya nne unaamshwa ukimbilie kilele. Mwili wa mtu wa Chumbageni, aliyekulia karibu na mawimbi, utaizoea saa ngapi hewa hiyo? Na mazoezi nilifanya, nikapanda na kushuka vilima vya Lushoto mpaka miguu ikawa kama ya punda. Lakini Lushoto iko mita 1,400 tu. Inakupa misuli, haikuzoeshi hewa nyepesi.

Nilifika kwenye pango la Hans Meyer, juu kidogo ya mita 5,000, kichwa kinapasuka, natapika, nayumba. Kiongozi wetu akanishika mkono: "Dada, tunashuka sasa hivi." Nililia, nikashuka, na namshukuru sana, maana maradhi ya kimo, ya kupanda juu haraka, dawa yake ya kwanza ni kushuka. Meyer mwenyewe, Mjerumani wa kwanza kufika kilele hicho, mwaka 1887 alirudishwa na barafu. Mwaka 1888 akanaswa na watu wa Abushiri, aliyepigana na Wajerumani, kwenye vita vya pwani yetu, akaachiwa kwa fidia. Alifika kileleni Oktoba 1889, akiwa na mpanda milima Purtscheller, baada ya kuweka kambi zenye chakula njiani ili asilazimike kuteremka hadi chini kila aliposhindwa. Alijipa muda.

Nami nikajipa muda: njia ya Machame, siku saba. Siku ya tatu ndiyo iliyonizoesha hewa hata baadaye nikafika Uhuru. Unatoka kambi ya Shira, mita 3,800 hivi, unapanda hadi jabali liitwalo Mnara wa Lava, karibu 4,600. Pale kichwa kilianza tena, nikaogopa. Tukala chakula cha mchana taratibu, tukanywa chai, kisha tukateremka mpaka kambi ya Barranco, 3,900 na kitu, katikati ya ile mimea mirefu ya senesio iliyovaa majani makavu shinani. Kufika jioni kichwa kimenyamaza, na njaa imerudi! Panda juu, lala chini. Marangu ya siku tano haina nafasi hiyo. Kama ni lazima upite Marangu, ongeza siku moja Horombo, upande mpaka miamba iitwayo Mawe ya Pundamilia, urudi kulala.

Njia hii pia inakuonyesha mlima ulivyojengwa. Ni volkano tatu. Shira ndiyo kongwe, iliporomoka ikabaki uwanda unaoukanyaga siku ya pili. Mawenzi, mita 5,149, imebaki miamba iliyochongoka. Kibo, yenye kilele cha Uhuru, imelala tu. Ndani ya kreta, shimo la juu la volkano, bado inatoa gesi ya salfa. Milima yetu ya Usambara, iliko Lushoto, si volkano, ni miamba ya kale iliyoinuliwa ardhi ilipopasuka. Ila maji ya kusini mwa Kilimanjaro ni yetu: yanapita mito ya Kikuletwa na Ruvu, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatelemka kama Mto Pangani mpaka baharini.

Mavazi nilinunua mitumba hapahapa Tanga, na hili najivunia. Nani anataka koti la manyoya kwenye joto letu? Wauzaji wanayaweka chini kabisa ya rundo. Nilikwenda asubuhi marobota yakifunguliwa, nikapata koti zito, suruali ya theluji na glavu mbili kwa bei ya kanga chache. Mjini Moshi kukodi tu vitu hivyo kungenigharimu zaidi. Viatu nunua vipya, uvivae nyumbani kwanza.

Watanzania tunalipa kiingilio kidogo kuliko wageni, lakini gharama za kiongozi, mpishi na wapagazi ziko palepale. Kwangu ilifika shilingi milioni mbili na ushee.

Tulitoka kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, karibu usiku wa manane. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, barafu inaanzia juu, kwa hiyo mdomo hauzibi. Simu ikae kifuani, baridi inaua betri. Stella Point, ukingoni mwa kreta, tulifika kukipambazuka, kisha kama saa nzima ya kufuata ukingo wa kreta hadi Uhuru, mita 5,895, ambako oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya Raskazone, ufukweni kwetu Tanga. Nilifika, Alhamdulillahi, nikitembea kwa miguu yangu na kichwa kitulivu.

Kushuka kwa njia ya Mweka ni zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili. Kata kucha za miguu kabla ya safari, na omba fimbo mbili, si moja.